Nywila Asiyoijua Hata Mwenye Mfumo

Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo huonekana mwepesi: visanduku viwili na kitufe. Kwa wakala wa mizigo wa bandari ya Kilindini, Mombasa, anayefuatilia makontena, au mwenye nyumba wa Kisauni anayehesabu kodi za wapangaji, huo ndio mlango wenyewe, na uimara wake uko kwenye jedwali la hifadhidata lililo nyuma yake. Tuanzie hapo, kwa PHP (lugha ya kuandikia tovuti) na MySQL (programu ya hifadhidata), kwa kuwa hupatikana karibu katika kila huduma nafuu ya kuweka tovuti.

Jedwali la watumiaji halihitaji mengi: kitambulisho, nambari ya simu, nywila iliyosagwa (tutaieleza chini) na tarehe ya kusajiliwa. Safu ya simu ndiyo huwaponza wengi. Ukiifanya ya aina ya INT (namba kamili), sifuri ya mwanzo inapotea, na nambari yenye 254 ya Kenya mbele haiingii kabisa, maana INT haipiti 2,147,483,647. Tumia VARCHAR(16), yaani maandishi yasiyozidi herufi 16. Kabla ya kuhifadhi, ondoa nafasi na vistari, kisha geuza 07 na 01 za mwanzo ziwe +2547 na +2541. Usipofanya hivyo, mtu mmoja atajisajili leo kwa 07 na kesho kwa +254, awe na akaunti mbili, halafu alalamike kuwa kumbukumbu zake zimepotea. Sharti la UNIQUE (nambari isijirudie) liwekwe kwenye hifadhidata yenyewe. Mtandao ukizubaa na mtu akabonyeza kitufe mara mbili, maombi yote mawili yaweza kupita ukaguzi wa msimbo kwa wakati mmoja. Hifadhidata ndiyo itakayokataa la pili.

Nywila haihifadhiwi jinsi ilivyoandikwa. Mwaka 2009 wavamizi waliingia kwenye hifadhidata ya kampuni ya RockYou ya Marekani wakakuta nywila zaidi ya milioni 32 ziko wazi, na hadi leo orodha hiyo hutumika kubahatisha nywila za watu wengine. Kwa hiyo nywila husagwa iwe hashi, yaani mfuatano wa herufi usioweza kurudishwa nyuma, na unga haurudi kuwa mahindi. Mbinu za kusaga za MD5 na SHA-1 hazifai kwa kazi hii kwa sababu zina kasi mno, na mwizi hujaribu mabilioni kwa sekunde. Bcrypt, ya mwaka 1999, ilitengenezwa makusudi iwe nzito. Mtumiaji halali hangoji hata sekunde moja, lakini mwizi hulipa uzito huo kwa kila jaribio.

Kwenye PHP, password_hash hufanya kazi hiyo na kutia chumvi tofauti kwa kila mtu. Chumvi ni herufi zisizotabirika zinazofanya nywila mbili zinazofanana zitoe hashi mbili tofauti. Ndiyo maana huwezi kusaga upya nywila kisha ukalinganisha kwa alama ya usawa, tumia password_verify. Tazama pia upana wa safu: hashi ya bcrypt ina herufi 60 na huanza na $2y$. Kwenye VARCHAR(50), MySQL isiyo katika hali kali (strict mode) hukata herufi 10 za mwisho kimyakimya. Usajili unafaulu, kisha kila anayejaribu kuingia anaambiwa nywila si sahihi, na fundi anashinda siku nzima akitafuta kosa kwenye fomu. Weka VARCHAR(255).

Kosa la hatari zaidi ni kuunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Anayeandika ' OR '1'='1 kwenye kisanduku hugeuza swali la "yuko mtu huyu?" likawa swali ambalo jibu lake ni ndiyo daima. Tumia prepare ya PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata: amri huandikwa na alama ya kuuliza mahali pa data, na data hukabidhiwa kando. Kuondoa alama za nukuu kwa mkono hakutoshi.

Nywila ikikubaliwa, ita session_regenerate_id ili kitambulisho cha kikao (muda ambao mtu yuko ndani ya mfumo) kibadilike. Kuki inayobeba kitambulisho hicho iwe na vizuizi vya HttpOnly, Secure na SameSite, na tovuti nzima ipite kwenye HTTPS, njia iliyofichwa kwa siri. Vyeti vya HTTPS vya Let's Encrypt ni bure. Kitufe cha kutoka kifute kikao kwenye seva, kwa kuwa kompyuta moja ya saiba hapo Mwembe Tayari hupokezana watu wengi kwa siku.

Majaribio yawekewe kikomo, lakini si kwa anwani ya IP (anwani ya kifaa mtandaoni) peke yake. Watu wengi wa data ya simu hutumia anwani moja ya pamoja, na utawafungia wasiohusika. Hesabu IP na akaunti kwa pamoja, na uchelewesho uongezeke hatua kwa hatua. Ujumbe wa kosa uwe mmoja, "simu au nywila si sahihi", usimwambie mgeni nani amesajiliwa.

Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Anayesahau nywila hapewi ile ya zamani, kwa sababu huna. Mtumie kiungo chenye tokeni (msimbo wa siri) isiyotabirika, kitumike mara moja, kife baada ya dakika 30, na tokeni yenyewe ihifadhiwe ikiwa hashi. Mfumo wowote unaokutumia nywila yako ya zamani kwa SMS unaweza kuisoma, na aliyeiba hifadhidata yake pamoja na ufunguo wa kuifungulia ataisoma pia.