Fitzroy haikufa 1996, na wala haikuhamia Brisbane

Nimechoka kabisa. Kila nikigusia historia ya vilabu vya futiboli ya Kiaustralia (si soka) vya Melbourne lazima atokee mtu aseme "Fitzroy si ndio ile iliyohamia Brisbane?" au mbaya zaidi "si ilishakufa?" Mimi kazi yangu ndio hizi historia, na hakuna klabu inayozikwa ikiwa hai kama hii.

Mwanzo naupitia fasta maana haubishaniwi. Ilianzishwa 1883, klabu ya mtaa wa wafanyakazi na viwanda pembeni tu ya katikati ya jiji, uwanja wake Brunswick Street. 1897 ikawa kati ya vilabu 8 vilivyoanzisha VFL, ligi ya jimbo la Victoria ambayo leo ndio AFL, ligi kuu ya nchi nzima. Ubingwa mara 8, wa mwisho 1944. Ule wa 1916 watu wanaubeza kwasababu vita ilifanya ligi ibaki na timu 4 tu na Fitzroy ilimaliza mkiani, lakini timu zote 4 ziliingia hatua ya fainali na Fitzroy ikashinda, kanuni ndio zilikuwa hivyo, basi. Na hapo ndipo alipochezea Doug Nicholls, Mwaborijini (mzawa wa asili wa Australia) aliyekuja 1932 baada ya kubaguliwa kwenye klabu ya Carlton, miaka mingi baadae akawa gavana wa jimbo la Australia Kusini.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Watu wanaanzia 1996, mimi naanzia 1966, msimu wa mwisho pale Brunswick Street. Baada ya hapo ni kuhamahama tu, Princes Park, Junction Oval, Victoria Park, Princes Park tena, mwisho Whitten Oval, yani klabu ya mtaa inacheza kwenye viwanja vya watu miaka 30 huku ligi inageuka ya nchi nzima na gharama zinapanda. Ikakopa kwa shirika la bima la Nauru, nchi ndogo ya kisiwa, deni likaishinda, na Juni 1996 Nauru ikamweka msimamizi wa mufilisi. Klabu ya North Melbourne walitaka kuungana nayo ila vilabu vingine vikakataa, viliogopa ingezaliwa timu kali mno (na kweli North wakabeba ubingwa mwaka huohuo), ndipo Julai msimamizi akakubaliana na Brisbane Bears, timu ya AFL ya jiji la Brisbane.

Hapa ndipo naomba mnisikilize taratibu. Kilichoenda Brisbane ni shughuli za timu kwenye AFL: wachezaji 8, jina la Lions, nembo, na makubaliano ya kuutunza urithi wa Fitzroy. Kampuni yenyewe ya klabu, yenye wanachama wake, haikwenda popote. Ilitoka kwenye ufilisi 1998, ikashirikiana na klabu ya Coburg 1999 na 2000, na tangu 2009 ina timu yake kwenye VAFA, ligi ya ridhaa, inacheza palepale Brunswick Street. Alafu mnasahau kesi ya nembo! Brisbane walipobadilisha simba wa kwenye nembo yao, Fitzroy iliwapeleka Mahakama Kuu ya Victoria ikidai makubaliano yamevunjwa, wakamalizana nje ya hukumu 2010. Sasa niambie, maiti anafunguaje kesi?

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba kila kitu kimenyooka, kuna sehemu inanisumbua mpaka leo. Timu ya 2009 haikutoka hewani, Fitzroy iliungana na Fitzroy Reds, waliokuwa zamani University Reds, klabu yenye watu wake na historia yake. Kwahiyo kilichoendelea bila kukatika kuanzia 1883 ni kampuni na uanachama, wachezaji uwanjani hapana, na kama wewe kwako klabu ni wale wanaoshuka dimbani Jumamosi basi una hoja, siwezi kukuita mjinga. Na kuna mashabiki wa Fitzroy waliolia kwa furaha Brisbane walipobeba ubingwa 2001, 2002 na 2003, wengine hawakuangalia hata mechi moja, na wote hao wana haki. Mimi nimeegemea upande wa wanachama, kwasababu wao ndio waliokataa kampuni ifutwe wakati haikuwa na timu, haina uwanja, haina hata mchezaji mmoja. Ila Brisbane kuyatunza yale mataji 8 naona ni sawa, walikubaliana hivyo, kosa ni kuyahesabu kama yao. AFL yenyewe haifanyi hivyo, rekodi zake zinaiweka Fitzroy peke yake, Bears peke yao, na Brisbane Lions, timu iliyotokana na makubaliano yale, kuanzia 1997.