Je, wajua kwa nini kimelea sugu cha malaria hubeba mabadiliko mengi ya jeni, ilhali moja ndilo ufunguo wa kuishinda dawa?

Watu wazima wa Kigoma na Tabora wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake, na jinsi ilivyowawasha wengi mwili mzima. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuwa sugu. Siri kubwa ya usugu huo imo kwenye protini moja iitwayo PfCRT.

Protini hii ni mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 424, nayo imekaa kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enya hemoglobini yetu. Klorokwini ikiingia kifukoni hupata chaji chanya kutokana na tindikali ya humo, ikanasa, ikazuia himu, sehemu ya hemoglobini iliyo sumu kwa kimelea, isigeuzwe fuwele isiyodhuru. Kwenye nafasi ya 76 ya protini ya kawaida kuna asidi amino iitwayo lisini, ambayo nayo ina chaji chanya, na chanya husukumana na chanya, hivyo dawa haipati pa kutokea. Herufi moja ya jeni ikibadilika, AAA kuwa ACA, lisini huondoka na nafasi yake hushikwa na threonini isiyo na chaji. Hapo ndipo mlango wa dawa kutoka unapoanza kufunguka.

Tatizo ni kwamba PfCRT ina kazi yake ya kila siku, nayo ni kutoa kifukoni vipande vifupi vinavyobaki hemoglobini ikishakatwakatwa. Njia ikibadilika umbo ili kupitisha dawa, kazi hiyo huzorota, na pasipo dawa kimelea sugu huzidiwa na wenzake wasio sugu.

Hapo ndipo mabadiliko fidia yanapoingia. Fundi baiskeli wa Urambo akikuta ringi imepinda upande mmoja, hukaza na kulegeza spoki za sehemu nyingine mpaka izunguke sawa. Protini nayo ni mnyororo uliokunjwa: nafasi zilizo mbali kwenye mnyororo huweza kugusana baada ya kukunjwa, hivyo badiliko la mahali pengine huweza kurudisha umbo, chaji au uthabiti uliopotea. Aina sugu iliyoenea Afrika imebadilika pia kwenye nafasi za 74 na 75, na tena 220, 271 na 371. Badiliko la 76 likiwa peke yake karibu halionekani kabisa kwa wagonjwa.

Kwa nini kimelea kisirudishe tu herufi ya awali? Kwanza, dawa ikiwa bado inatumika, anayerudi nyuma hufa. Pili, kurudi kuna njia moja tu, lakini fidia ina njia nyingi, na kwa mabilioni ya vimelea yanayogawanyika ndani ya mgonjwa mmoja, iliyo na njia nyingi hutangulia kutokea.

Hata hivyo fidia hii haikukamilika. Malawi ilipoacha klorokwini mwaka 1993, vimelea visivyo sugu vilirudi kutawala, na Tanzania ikapitia njia hiyohiyo baadaye. Huku kwetu ALu, dawa mseto ya artemetha na lumefantrini iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006, iliongeza kasi: lumefantrini iliyomo hupendelea kubakiza vimelea vyenye lisini kwenye nafasi ya 76, kinyume kabisa na klorokwini. Maabara inayofuatilia usugu haina budi kusoma jeni nzima, kwa sababu nafasi ya 76 pekee haionyeshi ni kiasi gani cha gharama kimelea kimeshafidia.