Tiba mseto ya magonjwa ya akili ni nini?

Katika magonjwa ya akili, tiba mseto ni matibabu ambayo mgonjwa anatumia dawa na papo hapo anahudhuria tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu. Hutumika sana kwa maradhi yanayodumu au yanayojirudia, kama skizofrenia (mtu husikia sauti zisizokuwepo au huamini mambo yasiyo ya kweli), baipola (hisia hupanda na kushuka kupita kiasi) na sonona sugu (huzuni nzito ya muda mrefu).

Wengi huuliza kipi bora, dawa au mazungumzo. Kwa maradhi haya swali hilo linapotosha, maana kila kimoja kina kazi yake. Dawa hutuliza dalili. Mtu anayesikia sauti zikimtukana mchana kutwa hana utulivu wa kukaa akaeleza maisha yake, ndiyo maana mara nyingi dawa hutangulia. Lakini kidonge hakimfundishi mtu namna ya kurudi kazini, kupatana na nduguze au kuzikabili fikra zinazomwambia kuwa hafai kitu.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu wagonjwa 681 wa sonona sugu. Waliopata nafuu kwa dawa peke yake walikuwa takribani asilimia 48, na kwa mazungumzo peke yake vivyo hivyo. Waliopewa vyote viwili walifika asilimia 73.

Faida ninayoiona kubwa zaidi haitajwi mara nyingi: mazungumzo humsaidia mgonjwa kubaki kwenye dawa. Chukua mtu mwenye baipola anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo. Mikono inamtetemeka akishika kikombe mbele za watu, anaona haya, anaacha dawa kimyakimya. Daktari anayemwona mara moja kwa miezi kadhaa hatajua. Kwa mtaalamu anayekutana naye kila wiki, jambo hilo hutoka. Likimfikia daktari, kiwango cha lithiamu kwenye damu kitapimwa, na huenda dozi ikapunguzwa. Kuiacha ghafla ni hatari, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

Kwenye mazungumzo hayohayo mgonjwa wa baipola hujifunza kuzitambua dalili zake za mwanzo: analala muda mfupi sana na kuamka bila uchovu, anaongea haraka kuliko kawaida, fedha zinamtoka ovyo. Akiziona mapema huwahi hospitali kabla hajazidiwa. Familia nayo ikielimishwa husaidia mno, hasa kwenye skizofrenia, ambako elimu kwa ndugu imethibitika kupunguza kurudi kwa ugonjwa.

Kila mgonjwa hupangiwa kivyake. Sonona nyepesi huweza kutibiwa kwa mazungumzo tu, ila kwenye skizofrenia mazungumzo hayachukui nafasi ya dawa. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wengi hukata tamaa mapema, wakidhani hazifanyi kazi.

Mpango huu hulegea pale daktari na mtaalamu wa mazungumzo wasipowasiliana. Mgonjwa ana haki ya kuwaomba wawasiliane, na kila mmoja ajue mwenzake anatoa tiba gani.