Wacheki na muziki wao: kuanzia mto hadi maneno ya sokoni

Oktoba 1874 mtunzi wa muziki Mcheki, Bedřich Smetana, aliamka akiwa kiziwi kabisa. Alikuwa na miaka 50. Tarehe 20 Novemba akaanza kuandika Vltava, utungo unaosimulia safari ya mto upitao Prague, mji mkuu wa Wacheki, na tarehe 8 Desemba akawa ameumaliza. Aliuandika wote bila kusikia hata noti moja.

Uanze kuusikiliza taratibu, usiwe na haraka. Filimbi mbili zinapokezana noti za mbio: hiyo ni chemchemi ya kwanza. Klarineti zikiingia, ni ya pili. Maji yakishakutana, violini zinaubeba wimbo mkuu, na mto unapita msituni kwa wawindaji, unapita penye arusi ya kijijini watu wakicheza polka, ngoma ya Kicheki, unaangukia kwenye maporomoko, kisha unaingia Prague kwa fahari.

Vltava ni wa pili katika tungo sita ziitwazo kwa pamoja Má vlast, yaani Nchi Yangu. Wakati huo Wacheki walitawaliwa kutoka Vienna, mji mkuu wa Austria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa. Smetana mwenyewe alisomeshwa kwa Kijerumani, ikambidi ajifunze kukiandika vizuri Kicheki akiwa mtu mzima. Ndiyo maana hadi leo tamasha kubwa la muziki la Prague hufunguliwa kila tarehe 12 Mei, siku aliyofariki mwaka 1884, kwa Má vlast.

Katika okestra aliyoiongoza Smetana alikuwamo mpiga viola, mtoto wa mchinja nyama, Antonín Dvořák. Huyu alikuja kualikwa New York kufundisha, 1892 hadi 1895. Huko alimsikiliza mwanafunzi mmoja Mmarekani mweusi, Harry Burleigh, akiimba nyimbo za dini za watumwa, akatangaza wazi kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya hizo. Simfonia yake ya tisa, utungo mrefu wa okestra, ilipigwa huko mara ya kwanza Desemba 1893.

Lakini anayenigusa zaidi ni Leoš Janáček, mtunzi wa Moravia, upande wa mashariki wa nchi ya Wacheki. Alitembea na kidaftari, akanakili kwa noti jinsi watu wanavyosema: barabarani, sokoni, popote. Msemaji wa Kiswahili atamwelewa upesi. "Haya" ya kukubali, "haya" ya kuhimiza na "haya" ya kukata tamaa ni neno moja, ila kila moja ina wimbo wake. Mwaka 1903 binti yake Olga alipokuwa anakufa, akiwa na miaka 20, Janáček alinakili hata pumzi zake. Opera yake Jenůfa, aliyomtolea binti huyo kama kumbukumbu, ilionyeshwa Brno, mji wa Moravia, Januari 1904. Prague iliikubali baada ya miaka 12.

Wacheki huadhimisha muziki wao kila mwaka unaoishia na 4, kwa kuwa miaka hiyo imebeba kuzaliwa au kufa kwa wengi wao.

Ukishaizoea Vltava, tafuta kwateti ya kwanza ya Smetana, utungo wa ala nne za nyuzi, ya 1876. Ngoja sehemu ya nne. Uchangamfu unakatika ghafla, na violini ya kwanza inashika noti moja nyembamba, ya juu sana, huku ala nyingine zikitetemeka chini yake. Ule ndio mlio uliokuwa ukimlilia masikioni kabla hajaacha kusikia.