Kocha kaondoka, mwanangu kafukuzwa?

Mwezi wa tatu na wa nne silali vizuri, na si kwa sababu ya mechi. Ni simu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya masomo ya wanamichezo katika chuo kimoja cha Marekani, na kwa kuwa pale Mtanzania ni mimi peke yangu, kila familia ya Afrika Mashariki yenye kijana anayecheza kikapu huku imeipata namba yangu kwa njia anazozijua Mungu. Mwaka 2024, mwezi wa nne, mama mmoja alinipigia kutoka Tabata. Kwake ilikuwa saa tano usiku, kwangu alasiri. Alimaliza salamu zote, akauliza watoto, akauliza baridi, halafu akashusha sauti: "Dada, niambie ukweli. Mwanangu amefukuzwa chuo?"

Hakufukuzwa. Kocha wake alikuwa ameondoka siku nne nyuma, na jina la kijana lilikuwa limeingia kwenye potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Binamu mtu aliliona mtandaoni kwenye orodha ndefu yenye vyuo na tarehe, akaona hao ndio waliotimuliwa, akapeleka habari nyumbani. Nilimweleza mama yule kwa dakika arobaini. Haya ninayoandika ni zile dakika arobaini, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Skolashipu kijana anasaini na chuo. Kocha akiondoka leo, kesho ada bado inalipwa, chumba bado ni chake, kadi ya kulia chakula bado inafanya kazi. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Lakini aliyemwona akicheza, akamwambia mama yake "nitamtunza huyu", akajenga mfumo wenye nafasi ya senta mrefu wa kusimama chini ya kikapu, ni mtu mmoja, na huyo amekwenda. Anayekuja huenda anataka watu watano wote wenye kutupa pointi tatu. Mshabiki wa Simba au Yanga hahitaji kuelezwa sana hapa, kocha mpya huja na watu wake. Tofauti ni kwamba huku hakuna klabu inayomuuza mtu wala ada ya usajili. Mchezaji anajiondokea mwenyewe.

Zamani hakuweza kujiondokea kirahisi. Kocha alikuwa anahama chuo kwenda chuo na msimu unaofuata yuko kwenye benchi jipya anapiga kelele, ila mchezaji aliyehama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Anafanya mazoezi, anasafisha jasho, mechi ikianza anavaa suti. Hasheem Thabeet alipokuwa chuo cha Connecticut kati ya 2006 na 2009, kabla Memphis wa NBA hawajamchukua wa pili kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, sheria ilikuwa hiyo. Potali yenyewe ilianza Oktoba 2018. Mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaruhusu mchezaji kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikazuia adhabu kwa wanaohama mara ya pili na ya tatu, na Aprili 2024 NCAA wenyewe wakakubali: hama mara utakazo, mradi masomo yako yako sawa. Hicho kipengele cha masomo watu wanakiruka wakisoma. Ndicho kinachonipa mimi mshahara, nitakirudia.

Mwezi huohuo chuo cha Kentucky wakatuonyesha mambo yanavyokuwa. Kocha John Calipari alikuwa pale misimu 15, na ubingwa wa taifa wa 2012 ni wake. Mwaka 2019 alipewa mkataba ambao watu waliuita wa maisha. Machi 2024 timu yake ikafungwa na Oakland, chuo ambacho wengi walilazimika kukitafuta kwenye ramani, 80 kwa 76, Jack Gohlke akiwatia pointi tatu mara kumi. Wiki chache baadaye Calipari akawa kocha wa chuo cha Arkansas. Na huko alikokwenda nako kocha aliyepita alishaondoka na wachezaji wamesambaa, kiasi kwamba Calipari aliwaambia waandishi wa habari amekutana na timu, na timu yenyewe haipo.

Mark Pope, nahodha wa mabingwa wa Kentucky wa 1996, akatoka chuo cha BYU kuja kushika nafasi yake. Uwanja wa Rupp, nyumbani kwa Kentucky, ulijaa siku ya kumtambulisha, watu wakiimba. Ila kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakubaki mchezaji hata mmoja wa skolashipu wa msimu uliopita. Wengine walikuwa wanaondoka tu hata Calipari angebaki: Reed Sheppard na Rob Dillingham walikwenda NBA, wa tatu na wa nane kwenye drafti. Watatu, D.J. Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivišić, walimfuata kocha Arkansas. Sasa tazama waliosalia. Aaron Bradshaw alikwenda Ohio State, Jordan Burks Georgetown, Joey Hart Ball State. Ugonna Onyenso, Mnigeria mwenye urefu wa kuzuia mipira, alikwenda Kansas State, na mwaka uliofuata akahamia Virginia.

Watu huku hubishana sana juu ya wale watatu waliomfuata kocha, kama ni uaminifu au ni hela. Mimi huwa nawatazama hao wanne wengine. Kocha akihama hubeba wawili, watatu, wanne akizidi. Waliobaki wanaitwa mmoja mmoja kwa kocha mpya, na nimesubiri nje ya milango hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua kikao kifupi kina maana gani. Dakika ishirini maana yake baki. Dakika tano, ametoka ameshika chupa ya maji ya ofisi ambayo hajaifungua, maana yake njoo tukafungue kompyuta. Hakuna anayemwambia "ondoka". Anaambiwa kwamba nafasi yake itashindaniwa, na mtoto wa miaka ishirini anaelewa. Kwa hiyo mzazi ukisikia "amechagua kuhama", lile neno kuchagua lipokee kwa tahadhari.

Pope alikusanya watu 12 wapya, tisa wakitoka vyuo vingine: Lamont Butler wa San Diego State, Otega Oweh wa Oklahoma, Amari Williams, Mwingereza wa Nottingham aliyekuwa Drexel, na Jaxson Robinson aliyemfuata kutoka BYU. Wageni watupu, na wakafika 16 bora ya mashindano ya taifa. Arkansas nao wakafika 16 bora, na Februari walikwenda kuwafunga Kentucky 89 kwa 79 kwenye uwanja wa Rupp, Calipari akizomewa na watu walewale aliowapa kombe.

Drake, chuo cha Des Moines, Iowa, nakipenda zaidi kama mfano kwa sababu hapo unaona mnyororo mzima. Machi 2024 kocha Darian DeVries aliondoka kwenda West Virginia, mwanawe Tucker, nyota wa timu, akaenda naye. Akaja Ben McCollum kutoka Northwest Missouri State, chuo cha Daraja la Pili, ngazi iliyo chini ya hii ya akina Drake na Kentucky, alikochukua mataji manne ya taifa. Hakuja peke yake, alikuja na wachezaji wanne. Watu wakacheka, wachezaji wa Daraja la Pili watafanya nini huku juu? Walimaliza msimu wameshinda 31 na kufungwa 4, wakawatoa Missouri kwenye mashindano ya taifa. Bennett Stirtz, mmoja wa hao wanne, alikuwa anacheza karibu dakika zote 40. Kisha Machi 2025 McCollum akachukuliwa na Iowa, na Stirtz huyo nyuma yake. DeVries naye aliacha West Virginia baada ya msimu mmoja tu, akaenda Indiana, na Tucker naye akaenda. Baba na mwana, vyuo vitatu.

Kijana wa Tabata hakuwa Stirtz, kocha wake hakumpigia simu. Alikuja ofisini kwangu asubuhi akaweka simu mezani kifudifudi, nayo ikawa inatetemeka, kila ujumbe ukiisogeza kidogo, mpaka ikagusa kikombe changu cha chai. Kisheria makocha wa vyuo vingine hawaruhusiwi kuwasiliana naye kabla jina halijaingia potali. Akishaomba kwa maandishi, chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza. Likishaingia tu, mvua inaanza. Asiyetaka mvua hiyo, kwa kawaida yule ambaye tayari anajua anakokwenda, huomba jina liwekewe alama ya kutopigiwa. Na jambo ambalo wazazi hawaambiwi mapema: jina likishaingia, chuo cha zamani kinaweza kusitisha skolashipu muhula ukiisha. Kurudi si haki yako tena, ni hisani yao.

Dirisha lenyewe, yaani muda wa kuingiza jina kwenye potali, limekuwa likifupishwa. Mwaka 2023 lilikuwa siku 60, 2024 siku 45, 2025 siku 30. Mwaka ule wa kijana wangu, kocha akiondoka wachezaji wake walipata siku 30 za kwao. Siku 30 unaziona nyingi, mpaka uhesabu mitihani ya mwisho iliyomo ndani yake.

Nikafungua matokeo yake. Huyu alikuwa anamaliza mwaka wa pili, na Daraja la Kwanza, ngazi ya juu tunayocheza, linadai kufikia hapo uwe umekamilisha asilimia 40 ya digrii yako, mwaka wa tatu asilimia 60, wa nne 80. Asilimia ya digrii ya chuo unachokwenda, siyo unachotoka. Chuo cha kwanza kilichompenda hakikuwa na kozi yake, na kati ya krediti alizokuwa nazo kilikataa kuhesabu tisa, pamoja na somo la uchoraji alilolihangaikia usiku kucha. Kwa hesabu zangu angefika huko akiwa na asilimia 33. Kocha wa huko aliniambia kwenye simu, "tutalishughulikia". Nimewahi kusikia hivyo, na nimewahi kumwona kijana akikaa benchi muhula mzima huku likishughulikiwa.

Kwa wetu kuna na viza. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, hahamishi jina la potali tu. Rekodi yake ya uhamiaji lazima iachiliwe na chuo cha zamani kwa tarehe maalumu, chuo kipya kitoe I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoshikilia viza, na masomo yaanze ndani ya miezi mitano. Tarehe ikishapita, chuo cha zamani hakiwezi kuivuta rekodi tena. Msiiweke tarehe hiyo kabla hamjawa na barua ya skolashipu mkononi, tafadhali.

Na hela. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja. Mwenye F-1 anasimama pembeni akitazama, kwa sababu viza hiyo hairuhusu kazi za nje bila kibali. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa taifa 2022, na mikataba yake ilisubiri Kentucky waende Bahamas kwa mechi za kirafiki ndipo akaifanyie huko, nje ya ardhi ya Marekani.

Tulitafuta tena. Kikapatikana chuo kidogo zaidi chenye kozi yake, kilichohesabu krediti zote isipokuwa tatu. Uchoraji ukapita. Nikampigia mama kumpa habari, nikamtajia mji, kozi, na skolashipu kamili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kocha wa huko, mkataba wake unaisha lini?"

Nikamwambia 2028.

"Hata akiitwa kwingine?"