Si Kila Jozi ya Fotoni Imefungamana

Katika soko la Gikomba, Nairobi, muuza viatu hutundika mguu mmoja tu. Wa pili umo guniani, asije mtu akatoroka na jozi nzima. Ukiona wa kushoto namba 42, unajua wa guniani ni wa kulia, namba 42. Hakuna anayedai kwamba viatu hivyo vinapelekeana habari. Lakini wanafunzi ninaokaa nao kusoma fizikia, wakisikia tu "jozi za fotoni", yaani chembe za mwanga, hukimbilia neno moja: mfungamano.

Ni kweli jozi hizo zina maajabu. Leza ya zambarau ya nanomita 405 ikipita kwenye fuwele maalumu, mara chache sana fotoni moja huzaa mbili za nanomita 810. Kwa kuwa zimezaliwa pamoja, nishati na mielekeo yao huendana. Kufungamana ni zaidi ya hapo: ni hali ambayo fotoni yoyote kati ya hizo mbili haina jibu lake peke yake kabla ya kupimwa, ila uhusiano wa majibu yao umeshawekwa.

Dhana: Picha-mzuka, yaani picha ya kitu inayochorwa na mwanga ambao haukukigusa, haiwezekani bila mfungamano.

Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, walipitisha fotoni moja ya kila jozi kwenye kibao kilichochongwa herufi UMBC. Kipokezi cha nyuma yake kilijua tu kwamba fotoni imefika, si imepita wapi. Fotoni ya pili haikukaribia kibao kamwe. Walipohesabu zile zilizofika kwa wakati mmoja, herufi zikajitokeza upande wa fotoni ambayo haikuziona! Wengi wakaamini kwamba siri ni mfungamano.

Ukweli: Mwaka 2002, Bennink, Bentley na Boyd wa Chuo Kikuu cha Rochester walipata picha ya namna hiyo kwa leza ya kawaida. Waliurusha mwanga pande mbalimbali bila mpangilio, wakaugawa sehemu mbili, na mwelekeo wa sehemu moja ukawa unaeleza wa mwenzake. Ni kiatu na mwenzake.

Ukiwa na kalamu ya leza, zile zinazouzwa Luthuli Avenue, jaribu usiku. Imulike ipite kwenye kipande cha kioo cha bafuni, kile chenye ukungu, mwanga uangukie ukutani. Usiielekeze machoni mwa mtu. Hutaona doa moja. Utaona punjepunje, nyingine angavu, nyingine nyeusi, na ukisogeza kioo kidogo tu zote zinageuka. Sasa ukiugawa mwanga huo kwa kioo kinachopitisha nusu na kuakisi nusu, punje za huku na za kule hugeuka kwa pamoja. Kuendana huko kunatosha kuchora picha-mzuka, ingawa itakuwa na ukungu ambao jozi za fuwele hazina. Mwaka 2008 Jeffrey Shapiro wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alionyesha kwamba hata mwale wa pili unaweza kuachwa: kompyuta ikijua punje zilivyopangwa, kipokezi kimoja kinatosha.

Dhana: Kama tukio ni la kikwantamu, yaani haliwezi kuelezwa kwa mawimbi ya kawaida ya mwanga, basi lazima fotoni ziwe zilifungamana.

Ukweli: Hapa ndipo hata wajuzi huteleza. Wanafizikia Hong, Ou na Mandel walionyesha mwaka 1987 kwamba fotoni mbili zinazofanana kabisa, zikikutana kwenye kioo cha nusu kwa nusu, hutoka pamoja upande mmoja. Mawimbi ya kawaida hayawezi kupunguza matukio ya kutoka pande mbili kwa zaidi ya asilimia 50. Fotoni huyakaribisha sifuri. Ila kinachotakiwa ni kufanana, si kufungamana. Mwaka 2006, huko Ufaransa, fotoni kutoka atomu mbili zilizonaswa kila moja mahali pake zilifanya vivyo hivyo. Mfungamano huzaliwa baada ya kioo, kwenye njia za kutokea.

Dhana: Basi mfungamano ni hadithi tu.

Ukweli: La hasha. Hoja ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964 ilifungua njia ya kupata kipimo cha jinsi majibu ya vitu viwili yanavyoendana: vitu vyenye majibu yaliyokwisha kupangwa kabla haviwezi kuvuka 2, ilhali fotoni zilizofungamana hufika karibu 2.83. Mwanafizikia Alain Aspect na wenzake waliuvuka mpaka huo mwaka 1982, na majaribio ya mwaka 2015 yakaziba mianya mikubwa iliyobaki ya kuyatilia shaka matokeo hayo. Viatu vya Gikomba, uvipange utakavyo, havivuki 2.