Kumzawadia mtu siku ya Old Trafford: nunua tiketi mbili

Kila ifikapo Oktoba simu huanza kuingia. Mmoja anataka kumzawadia baba yake anayetimiza miaka sabini, mwingine anataka kumshtukiza mumewe, mwingine ana kijana aliyefaulu mitihani. Ombi ni lile lile: nitafutie tiketi ya mechi Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Kazi yangu ni kuwapangia wageni ziara za Manchester, na kabla sijagusa suala la tiketi huwa nina maswali. Anayepewa ni nani? Alianza lini kuipenda timu? Ngazi anazipandaje? Na wewe unayetoa zawadi, siku hiyo utakuwepo?

(La kwanza kabisa, japo watu hulicheka: hakikisha ni shabiki wa United. Manchester City wana uwanja wao wa Etihad, mashariki ya jiji, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, nao wakahamia mwaka uliofuata. Ziara zipo kote kuwili, na kosa hilo halisahihishiki getini.)

Kwa mtu anayefika kwa mara ya kwanza, mimi hupendekeza ziara ya uwanja kuliko mechi. Siku ya mechi wanaingia watu zaidi ya 70,000. Mgeni wako atapita geti lake, atakaa kiti chake, atashangilia, kisha atabebwa na umati hadi barabarani. Atakuwa ameona mchezo, lakini uwanja wenyewe hatakuwa ameuona. Siku ya ziara anaingizwa chumba cha kubadilishia nguo akakuta jezi zimetundikwa, anapita njia ya wachezaji, anafika kando ya nyasi na kusimama. Kuzikanyaga haruhusiwi. Hapo hupenda kuwaonyesha jambo ambalo kwenye runinga halionekani: nyasi zimeinuka kuliko ardhi inayozizunguka, kama sinia lililofudikizwa. Ndiyo maana winga akikimbia kwa kasi hadi mwisho akashindwa kujizuia, unamwona anateremka na kupotea nyuma ya mabango.

Kama moyo wako umeshakata shauri kwamba ni mechi, basi pitia kwa klabu yenyewe, ama kwa uanachama ama kwa vile vifurushi vyao vya kiti pamoja na chakula. England, kuuza tena tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya 1994, na tiketi ya kununua mkononi kwa mtu inaweza kukataliwa hapo hapo mlangoni. Usifunge pia safari nzima kwenye tarehe moja. Mechi za Ligi Kuu husogezwa kwa ajili ya runinga, Jumamosi ikageuka Jumapili au Jumatatu usiku, na ndege haikusubiri. Ziara nazo hazifanyiki siku ya mechi, kwa hiyo mechi ikisogea inaweza kuangukia siku uliyopanga ziara. Acha siku moja wazi kila upande.

Sasa vocha. Hapa ndipo ninapoona watu wakiumia. Mama mmoja alinunua vocha ya ziara kwa kampuni ya zawadi, akaifunga vizuri kwenye bahasha, akampelekea mumewe nyumbani. Viza ya mzee ikachelewa. Ilipotoka, vocha ilikuwa imekufa wiki mbili nyuma, na kampuni haikurudisha hata senti. Niliandika barua mbili kwa niaba yake, zote bure. Tangu hapo nasisitiza mfuatano huu: viza kwanza, nauli pili, vocha mwisho. Viza ya kawaida ya matembezi ya Uingereza humruhusu mtu kukaa hadi miezi sita, muda wa kutosha kuchagua siku tulivu akishafika. Soma tarehe ya mwisho ya vocha, soma kama jina linaweza kubadilishwa, soma kama vocha ndiyo nafasi yenyewe au bado unatakiwa kuweka nafasi. Wengi hujikwaa hapo pa mwisho. Wanafika na vocha mkononi na siku imejaa.

Kwenye bahasha weka kitu kingine badala yake: picha ya uwanja, na maneno ya mkono wako.

Miaka michache nyuma binti mmoja, muuguzi hapa hapa mjini, aliniletea baba yake, mwalimu mstaafu. Alitaka nimchukue mzee mimi mwenyewe, yeye akimbilie zamu. Nikamwomba abadilishane zamu na mwenzake, anunue tiketi mbili. Hakufurahi. Mpira haujui, na alijiona anapoteza siku.

Mzee alikuwa kimya karibu ziara nzima. Chumba cha wachezaji alikitazama kwa adabu, kama mgeni sebuleni kwa watu. Tulipofika kando ya uwanja nikamwonyesha, katikati ya jukwaa la kusini, ile njia ya zamani ya kuingilia. Old Trafford ulifunguliwa Februari 1910 kwa mechi na Liverpool, United wakafungwa 4-3. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliubomoa mwaka 1941, timu ikahemea uwanja wa jirani zao City hadi 1949. Njia hiyo ndiyo sehemu ya jengo la mwanzo iliyosalia, na wachezaji waliitumia hadi 1993.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo Best alitokea hapa?"

"Hapo hapo, mzee wangu. Yeye na Charlton na Law." Hao watatu ndio waliokuwa nyota wa United miaka ya sitini.

Akamgeukia bintiye. "Mama, njoo." Akaanza kumsimulia usiku wa Mei 1968, fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya na Benfica ya Ureno, wavulana wanne chini ya dirisha la jirani mwenye redio, sauti ikija na kuondoka, na jinsi walivyokimbia gizani bao la Best lilipoingia kwenye muda wa nyongeza, hata hawakusikia mengine mawili. Binti alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Mtembezaji wetu, kijana mwelewa, aliwapeleka wengine mbele akatuacha kidogo.

Ndiyo sababu nang'ang'ania tiketi mbili. Mimi naweza kumweleza mzee tarehe zote za uwanja huu, lakini yale aliyokuja nayo yeye hakuwa na sababu ya kunisimulia mimi.

Baada ya ziara tulizunguka nje hadi upande wa kusini-mashariki, kwenye saa yenye maandishi ya 6 Februari 1958 na jina Munich. Ndege ya timu ilianguka siku hiyo ikijaribu kuruka kwenye uwanja wa ndege wa mji huo wa Ujerumani, wenye theluji. Watu 23 walifariki, wanane kati yao wachezaji. Chini ya jukwaa kuna njia ya kumbukumbu yao. Usimpitishe mgeni hapo harakaharaka. Ukijua kwamba Bobby Charlton alinusurika ajali ile, kisha akafunga mabao mawili kwenye fainali ya 1968, saa ile huitazami tena kama pambo la ukutani.

Upande wa jiji nitasema machache, kwa sababu kosa kubwa ni kujaza siku. Ziara yenyewe ni saa moja na kidogo, ngazi ni nyingi, na kwa mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu uliza mapema njia inayomfaa. Baada ya hapo kitu kimoja kinatosha. Mpenzi wa soka mpeleke Makumbusho ya Taifa ya Mpira, katikati ya mji. Lakini zawadi nyingi huja kwa wanandoa, na mwenzake hajali mpira. Huyo mpeleke maktaba ya John Rylands, barabara ya Deansgate. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1900, Enriqueta Rylands akiijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na kuingia ni bure. Mna kipande cha papiro kidogo kama kadi ya benki, chenye mistari ya Injili ya Yohana kwa Kigiriki, kati ya maandishi ya kale zaidi ya Agano Jipya yaliyopo. Nimewaona akina mama waliovumilia uwanja asubuhi wakisimama mbele ya kioo kile bila kusema neno.

Kuhusu tramu: kituo kinachoitwa Old Trafford kiko kwenye uwanja wa kriketi wenye jina hilo hilo, na kutoka hapo ni kama dakika kumi kwa miguu. Wharfside, kilichofunguliwa 2020, kiko karibu zaidi.

Sisi siku ile tulipanda tramu ya kurudi mjini, na kituo cha kushukia kikatupita. Mzee alikuwa amefika kwenye bao la nne, na binti alikuwa anauliza majina ya wale wavulana watatu wengine.